Uzi: Nimeomba kazi ya uuguzi mtandaoni mara kumi na nne, sijaitwa hata usaili mmoja. Kosa liko wapi?

Zamu_ya_Usiku (#1)
Habari za humu, wadau. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na leseni yangu iko hai. Nilihitimu mwaka 2020. Tangu hapo nimeomba kazi mtandaoni mara kumi na nne: tisa kupitia Ajira Portal, ule mfumo wa Sekretarieti ya Ajira ya serikali, mbili kwenye mfumo wa TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na tatu kwa barua pepe kwenye hospitali za binafsi. Sijaitwa kwenye usaili hata mmoja. Kwa sasa ninajitolea katika zahanati moja ambako ninapewa nauli pale fedha inapopatikana, na mwenzangu tuliyesoma darasa moja, ambaye mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha kuhesabu matone ya dripu, alishaajiriwa siku nyingi na mwaka huu amekwenda likizo yake ya pili. Simwonei wivu. Ninachotaka kujua ni kama kuna jambo wenzangu wanalijua ambalo mimi silijui, kwa sababu kila tangazo linapotoka ninakesha na simu nikipakia vyeti, na baada ya wiki kadhaa inatoka orodha ya walioitwa, ninatafuta jina langu la kwanza, kisha la baba, kisha la ukoo, halafu ninazima data na kulala.

Mzee_wa_Faili (#2)
Pole sana, dada. Kabla hatujakwenda mbali, jibu swali moja tu: majina yako kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na cheti cha Baraza yanafanana herufi kwa herufi? Sisemi yanafanana kwa kuyatamka, nasema kwa kuyaandika. Akaunti ya Ajira Portal huanza na namba ya NIDA, na majina yako huletwa kutoka huko. Anayepitia maombi akikuta cheti kina majina mawili na akaunti ina matatu, au mpangilio umegeuka, hana muda wa kukuuliza.

Nyuki_wa_Tabora (#3)
Mzee wa Faili, kwako kila ugonjwa ni malaria na kila aliyekosa ajira ana tatizo la majina. Tuseme ukweli ulivyo: waombaji ni wengi kuliko nafasi. Aprili 2023 TAMISEMI walitangaza nafasi 21,200, na kati ya hizo 13,130 zilikuwa za walimu na 8,070 za kada za afya. Watu wakisikia 8,070 wanadhani zote ni za wauguzi, kumbe humo wamo matabibu, madaktari, wateknolojia wa maabara, wafamasia na wengineo, nchi nzima. Vyuo navyo vinatoa wahitimu kila mwaka, na wa miaka ya nyuma bado wapo mtaani wakiomba nafasi zilezile. Hesabu ndiyo inayokukataa, jina lako halihusiki.

Mchokozi (#4)
Kabla hamjamaliza kumchambua, naomba atutajie barua pepe aliyoweka kwenye wasifu wake. Juzi nimeona wasifu wa mtu anayeomba kazi ya chumba cha wagonjwa mahututi, na barua pepe yake ni jina la mchumba wake na miaka waliyokutana. Sasa hivi wameachana na hawezi kuibadilisha kwa sababu ndiyo aliyofungulia akaunti.

Daraja_la_Pili (#5)
Marekebisho madogo kwa Nyuki (#3). Takwimu zako za 2023 ni sahihi, lakini mfumo huo haukubaki vilevile. Mwaka 2024 nafasi nyingi za kada za afya, zikiwemo za halmashauri, zilitangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kuna usaili kabisa. Kwa hiyo anayesubiri tangazo la TAMISEMI pekee anaweza kujikuta anavizia kituo ambacho basi limeacha kupita.

Kwa mleta uzi, swali langu ni la kada. Serikalini kuna Muuguzi kwa mwenye astashahada, Afisa Muuguzi Msaidizi kwa mwenye stashahada, na Afisa Muuguzi kwa mwenye shahada. Ngazi za mshahara za kuanzia ni TGHS A, B na C kwa mfuatano huo. Tangazo la Afisa Muuguzi Daraja la II linataka shahada. Ukiomba kwa stashahada, hata kama una miaka mitano wodini na unamwelekeza huyo mwenye shahada jinsi ya kupata mshipa wa mtoto mchanga, maombi yako hayafiki popote. Kati ya hayo tisa ya Ajira Portal, mangapi yalikuwa ya kada yako?

Zamu_ya_Usiku (#6)
Ahsanteni. Nimefungua akaunti na kuhesabu upya. Kati ya tisa, matatu niliomba nafasi ya Afisa Muuguzi, nikiamini kwamba uzoefu ungenibeba. Kwa hiyo hayo matatu nayafuta, yanabaki sita.

Kuhusu majina, Mzee wa Faili, kuna jambo ambalo sikuwahi kulihesabu kuwa ni tatizo. Jina langu la kwanza kwenye NIDA linaanza na K, yaani limeandikwa na "kh". Kwenye cheti cha kidato cha nne linaanza na H peke yake, kwa sababu mwalimu aliyejaza fomu shuleni aliliandika alivyolisikia. Chuo kikafuata cheti cha kidato cha nne, na Baraza likafuata cha chuo. Nyumbani naitwa kwa namna zote mbili. Nina hati ya kiapo ya wakili niliyoiandikisha mwaka 2021.

Mzee_wa_Faili (#7)
Malaria imeonekana kwenye kipimo, Nyuki.

Dada, hati ya kiapo ni maelezo yako mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Hati ya kubadili jina, ambayo wengi wanaiita "diidi poo", ni nyaraka nyingine: inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, upande wa ardhi, na ndani yake unaacha jina moja na kushika jingine. Soma matangazo ya kuitwa kwenye usaili. Utakuta wanawakumbusha wenye majina yanayotofautiana kuja na hiyo ya pili. Njia nyingine ni kwenda NIDA na kuomba jina lirekebishwe lifuate vyeti, ambayo kwa hali yako naiona nafuu zaidi, kwa kuwa vyeti vyote viko upande mmoja na kitambulisho peke yake kiko upande wa pili.

Mama_Wodi_Tatu (#8)
Mimi nitawapinga kidogo. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la babu ambalo halipo kwenye cheti cha chuo, nami niliajiriwa mwaka 2014 kwa hati ya kiapo tu, na hadi leo sijaulizwa. Nina wenzangu wawili wa namna hiyohiyo. Kwa hiyo tusimfanye binti aanze kutumia fedha za kubadilisha majina kabla hatujajua kama hilo ndilo lililomkwamisha.

Daraja_la_Pili (#9)
Dada Wodi Tatu, kwa heshima, mwaka 2014 uliandika barua kwa mkono, ukaweka ndani ya bahasha ya kaki, na aliyeisoma alikuwa mtu. Leo taarifa zinaanza kusomana zenyewe kabla mtu hajazitazama.

Mama_Wodi_Tatu (#10)
Bahasha ya kaki ilifika. Hilo nalo mliseme.

Katibu_wa_Afya_Mstaafu (#11)
Nimesoma mengi hapo juu kuhusu serikali, na sitayagusa kwa sababu sikuwa huko. Nilikuwa katibu wa afya katika hospitali ya dini kwa miaka mingi, na niliwahi kukaa kwenye kamati ya kuchuja maombi, kwa hiyo naweza kueleza kinachotokea upande wa pili wa hizo barua pepe tatu alizotuma mleta uzi.

Tulitangaza nafasi mbili za wauguzi. Maombi yaliyoingia kwa barua pepe yalikuwa mengi kiasi kwamba mhasibu, ambaye ndiye aliyekuwa na printa yenye wino, alikataa kuendelea kuchapa. Kuna mtu alituma barua isiyo na kichwa cha habari wala neno lolote ndani, na chini yake picha kumi na moja: kila cheti kimepigwa picha juu ya kitanda, ua la shuka linaonekana pembeni, na kwenye cheti cha usajili kivuli cha simu kimefunika namba yenyewe. Mwingine aliandika "Yah: kuomba kazi" lakini barua ilikuwa imeelekezwa kwa hospitali nyingine, ya mkoa mwingine. Mwingine alikuwa na kila kitu kimepangwa vizuri ndani ya pdf moja, ila leseni aliyoambatisha ilikuwa imeisha muda. Huyo wa tatu aliniuma, kwa sababu huenda alikuwa ameshaihuisha na hakukumbuka kubadilisha nakala. Tulimweka pembeni, na aliyekuwa pembeni hatukumrudia.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu mfumo, mleta uzi afungue kile alichotuma, akitazame kwenye kompyuta na si kwenye simu yake, kisha ajiulize kama yeye mwenyewe angekisoma hadi mwisho saa tisa alasiri akiwa na wengine mia wanaosubiri.

Kitanda_Namba_Nne (#12)
Shikamoo, mzee. Nimeyaelewa maelezo yako, lakini umekatisha simulizi mahali patamu. Hizo nafasi mbili zilichukuliwa na nani?

Katibu_wa_Afya_Mstaafu (#13)
Marahaba. Mmoja alikuwa na uzoefu wa chumba cha upasuaji, na tulikuwa na uhaba hapo. Wa pili alikuwa anajitolea kwetu tayari.

Kitanda_Namba_Nne (#14)
Ndicho nilichokitarajia. Wa pili hakupatikana mtandaoni, alikuwa ndani. Tangazo liliwekwa ili utaratibu ufuatwe, watu mia wakachoma bando, na kazi ikaenda kwa aliyekuwa akionekana kila asubuhi kwenye ripoti ya makabidhiano ya zamu. Simlaumu mtu, hata mimi ningemchukua ninayemjua. Ila tusimwambie binti wa watu kwamba kosa ni ua la shuka. Kwa hospitali za binafsi na za dini, vaa viatu, chukua nakala zako, nenda kwa matroni ukaombe kuonana naye. Mimi kazi zangu zote mbili nilizipata hivyo, na ya pili niliambiwa nianze usiku uleule kwa sababu kuna mtu alikuwa amejifungua.

Nyuki_wa_Tabora (#15)
Na yeye mbona anajitolea kwenye zahanati tangu zamani na hajachukuliwa? Ushauri wako unafaa pale ambapo mwenye kituo ndiye anayeajiri. Zahanati ya serikali haiajiri. Mganga mfawidhi akikupenda namna gani, hana kalamu ya kukupa cheo. Ndiyo maana mimi naona kujitolea serikalini kusipokuwa na mkataba ni kufanya kazi ya mtu aliyepaswa kuajiriwa, na kadiri unavyojitolea vizuri ndivyo pengo linavyoacha kuonekana.

Daraja_la_Pili (#16)
Hilo ni zito na linastahili uzi wake, ila nitaongeza kidogo. Kati ya kujitolea na ajira ya kudumu kuna ajira za mkataba za miradi, na hizo kweli hutangazwa mtandaoni. Taasisi ya Benjamin Mkapa, kwa mfano, imekuwa ikiajiri watumishi wa afya kwa mikataba na kuwapeleka vituo vya pembezoni. Mkataba haukupi uhakika wa baadaye, lakini unakupa barua ya uzoefu yenye mshahara ndani yake, na barua ya namna hiyo inasomeka tofauti na barua ya kujitolea.

Pwani_Kaskazini (#17)
Salamu kutoka Kilifi. Naona mnavyolalamikia mfumo mmoja, nami nawaonea gere. Huku kwetu tangu ugatuzi wa mwaka 2013 kila kaunti ina Bodi yake ya Utumishi wa Umma, na nyingi zina tovuti yake, fomu yake na nywila yake. Mwuguzi mwenye stashahada, yule tunayemwita KRCHN, akitaka kazi anakuwa na akaunti pengine sita, na kila moja anajaza upya alizaliwa wapi. Halafu kuna stakabadhi za Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu: cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, cha ushuru kutoka KRA, cha mkopo wa masomo kutoka HELB, cha EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, na cha kampuni ya kukadiria madeni. Nyingine zinalipiwa, na baadhi ya kaunti huzitaka pamoja na ombi lenyewe, kabla hujajua kama utaitwa. Mtu hana kazi, ila anatakiwa athibitishe kwamba hadaiwi.

Kuhusu mikataba aliyoitaja #16, waulizeni wenzetu waliochukuliwa mwaka 2020 kwa mpango wa afya kwa wote. Mkataba ulifuatwa na mkataba, na miaka ikapita wakiandamana kudai masharti ya kudumu.

Baridi_ya_Leeds (#18)
Kwa kuwa tumeshavuka mpaka, niseme la Uingereza, maana najua kuna watu wanasoma kimyakimya wakisubiri hilo.

Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Orodha ya mwaka 2023 ina nchi 55, na Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo pia. Uingereza huziita nchi hizo nyekundu: mwajiri au wakala haruhusiwi kuja kukusaka huko uliko, isipokuwa serikali mbili ziwe zimekubaliana. Kenya iko kwenye rangi ya kaharabu kwa sababu ya makubaliano yaliyosainiwa mwaka 2021. Lakini, na hapa ndipo wengi wanapotoshwa, Mtanzania haruhusiwi kusakwa, ila anaruhusiwa kuomba mwenyewe moja kwa moja. Mimi niliomba mwenyewe kwenye tovuti ya nafasi za kazi ya NHS, huduma ya afya ya taifa ya huku. Kwa hiyo wakala yeyote anayekutumia ujumbe Dar es Salaam akisema ametumwa na hospitali ya Uingereza kutafuta wauguzi, muulize kuhusu rangi nyekundu na usikilize anavyobadilisha mada.

Masharti ya Baraza la huku ni mtihani wa kompyuta wenye sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya uuguzi, kisha mtihani wa vitendo unaofanyiwa hukuhuku. Kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS ni alama 7 kwa kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwa kuandika. Na tahadhari: nafasi za wageni zimepungua sana kulinganisha na mwaka 2022, na tangu Julai 2025 njia ya kuajiri wahudumu wa kutunza wazee na wasiojiweza kutoka nje imefungwa. Kuna wauguzi waliokuja kwa njia hiyo wakiamini kwamba wangehamia uuguzi ndani ya miezi michache. Wengine bado wanaogesha wazee.

Mchokozi (#19)
Kuogesha wazee huko na kuogesha wazee wodi namba tatu hapa Mama Wodi Tatu ataona tofauti ni hali ya hewa tu.

Mama_Wodi_Tatu (#20)
Tofauti ni kwamba mimi hapa ni sista, na mtu akinipigia kelele naijua lugha yake.

Tasbihi_ya_Riyadh (#21)
Mimi niko Saudia, mwaka wa tatu sasa. Nitaunga mkono upande wa Mzee wa Faili kwa sababu ambayo hakuitaja. Ukiomba usajili wa huku, vyeti vyako vinapelekwa DataFlow, kampuni ya uhakiki wa vyeti, ambayo huandikia chuo chako, Baraza lako na mwajiri wako wa zamani kuuliza kama kweli walivitoa. Baada ya hapo ndipo mtihani wa kompyuta unaoitwa Prometric. Pasipoti yangu ilifuata NIDA, vyeti vikafuata shule, na ile herufi moja ilinichelewesha miezi minne. Na barua yangu ya kujitolea ilirudi haijathibitishwa, kwa sababu kituo hakikujibu barua pepe waliyoandikiwa. Mganga mfawidhi aliniambia baadaye kwamba aliiona akadhani ni matapeli.

Jambo jingine ni kwamba mwenye stashahada huku huainishwa kuwa fundi wa uuguzi, na mwenye shahada ndiye huitwa mtaalamu. Mshahara unafuata uainishaji huo. Wakala wangu alinieleza hilo nilipokuwa nimeshafika.

Kimya_Kingi (#22)
Huwa sichangii, lakini niseme langu ili lisimpate mwingine. Nilipata tangazo kwenye kundi la WhatsApp: hospitali ya Ghuba, mshahara mzuri, nyumba bure. Nilijaza fomu nzuri sana, yenye nembo, kisha nikapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole aliyenifanyia usaili wa dakika ishirini, akaniuliza hadi dalili za mama anayeelekea kupata kifafa cha mimba. Alijua kazi. Ndiyo sababu nilimwamini. Nikatuma 180,000 ya vipimo vya afya, halafu 350,000 ya kile alichokiita dhamana ya viza. Kundi lilifutwa siku ya Ijumaa. Nilichokipoteza zaidi ya fedha ni nakala za vyeti vyangu vyote, ambazo sijui leo zinatumiwa na nani.

Daraja_la_Pili (#23)
Pole sana. Kanuni zetu za mwaka 2014 za mawakala binafsi wa ajira zinakataza wakala kumtoza mtafuta kazi. Anayelipa ni mwajiri. Wakala anatakiwa awe na leseni ya Kamishna wa Kazi, na serikali yenyewe ina chombo chake cha huduma za ajira, TaESA, ambacho hutangaza pia nafasi za nje. Ukiombwa shilingi moja, hata kama inaitwa dhamana, simama hapo.

Kimya_Kingi (#24)
Ahsante. Ningependa kuongeza kwamba kanuni nilizijua. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu bila kuitwa popote, na yeye ndiye aliyeniita.

Zamu_ya_Usiku (#25)
Pole, Kimya Kingi. Nimesoma yako mara mbili.

Nimefanya alichosema Katibu. Jana nilikwenda steshenari, nikafungua vyeti vyangu kwenye kompyuta yao, na ninaleta matokeo. Cheti cha kidato cha nne kimesimama kichwa chini. Kwenye simu kilikuwa kinageuka chenyewe. Leseni niliyopakia ni ya zamani, mpya iko nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni. Muhuri wa wakili kwenye nakala mbili umekatika nusu. Namba ya simu kwenye akaunti ni ya laini niliyoibiwa mwaka 2022. Na kijana wa steshenari alinionyesha kwamba sehemu ya sifa za kitaaluma nilikuwa nimeiweka kozi yangu chini ya fani nyingine, kwa sababu orodha ilikuwa ndefu nikachagua ya kwanza iliyokaribiana.

Kwa hiyo, ukiongeza na lile la jina, sasa nina makosa sita na sijui lipi ndilo lililonikosesha.

Mzee_wa_Faili (#26)
Jina.

Katibu_wa_Afya_Mstaafu (#27)
Leseni.

Daraja_la_Pili (#28)
Ile fani uliyokosea. Kama mfumo unachuja kwa sifa za kitaaluma, kwake wewe hukuwa muuguzi hata siku moja. Simu haihusiki kwa Sekretarieti kwa kuwa walioitwa hutangazwa kwenye tovuti na namba ya mtihani unaikuta kwenye akaunti yako, lakini kwa zile hospitali tatu za binafsi inahusika sana. Huenda kuna mtu alikupigia.

Nyuki_wa_Tabora (#29)
Mimi nina jina moja kwenye vyeti vyote, leseni hai, fani sahihi, pdf safi, na barua pepe yenye jina langu. Nimeitwa mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda Dodoma kwa nauli ya kukopa, nikaishia kwenye mchujo wa maandishi. Mara ya pili nilifika kwenye vitendo. Mara ya tatu nilimaliza hadi mahojiano, nikaambiwa waliofaulu na kukosa nafasi watawekwa kwenye kanzidata, na bado nasubiri humo. Narekebisha kauli yangu ya #3 kidogo: makosa ya vyeti yanakuzuia kuingia uwanjani, sikatai. Ila msimwambie kwamba uwanjani kuna mpira.

Kitanda_Namba_Nne (#30)
Dada Zamu, ukimaliza kurekebisha hayo sita, bado nasema vaa viatu. Hizo hospitali tatu za binafsi ziko umbali gani kutoka ulipo?

Zamu_ya_Usiku (#31)
Mbili ziko mkoa mwingine. Moja iko kituo cha tatu cha daladala kutoka nyumbani. Sikuwahi kufikiria kuingia, niliona wameandika "maombi yatumwe kwa barua pepe pekee".

Mama_Wodi_Tatu (#32)
Nenda Jumanne au Jumatano, baada ya saa nne, raundi ya madaktari ikiwa imeisha. Jumatatu matroni hana nafsi. Usiseme umekuja kuomba kazi. Sema ulituma maombi, namba yako ya simu imebadilika, na umekuja kuwapa mpya. Huo si uongo.

Mzee_wa_Faili (#33)
Na NIDA uende Alhamisi.